"Tafadhali Jaribu Tena": Historia ya Ombi la POST mbele ya Seva ya Proksi na Funzo Lake kwa Huduma za Umma Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ombi la POST katika itifaki ya HTTP tangu miaka ya 1990, na namna ujio wa seva ya proksi iliyowekwa mbele ya seva mwenyeji ulivyobadili maana ya kushindwa kwa ombi hilo. Tunahoji kwamba ombi la kusoma likikatika njiani, kulirudia hakuna madhara. Bali ombi la kutenda likikatika, mtumaji hubaki bila kujua kama kazi yake imefanyika au haikufanyika. Hitilafu nyingi ambazo mafundi hupambana nazo leo zina asili katika maamuzi ya viwango na ya watengenezaji wa programu yaliyofanywa kwa sababu za wakati wake. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo matatu kwa watunga sera: utambulisho wa ombi, mipaka ya wajibu katika mikataba, na lugha ya ujumbe wa hitilafu.

1.0 Utangulizi

Huduma nyingi za serikali katika nchi zetu sasa hutolewa kwa fomu za mtandaoni. Mwananchi hujaza taarifa, hubonyeza kitufe cha kutuma, na kusubiri. Mara kwa mara jibu halirudi, badala yake hutokea namba kama 502, 504 au 413, na chini yake ushauri uliozoeleka: "Hitilafu imetokea. Tafadhali jaribu tena." Swali la makala haya ni fupi kwa maneno lakini zito kwa matokeo: je, ajaribu tena?

Jibu linategemea mahali ombi lilipokwama, na kati ya kivinjari cha mwananchi na programu inayohifadhi taarifa zake kwa kawaida pana mtu wa kati. Huyu ni seva ya proksi inayokaa upande wa mwenyeji, ambayo mafundi huiita rivasi proksi. Hupokea maombi yote kwa niaba ya seva zilizo nyuma yake, huyapeleka ndani, na kurudisha majibu. Ni mfano wa tarishi wa ofisi: mgeni haingii kwa mkuu, bali humkabidhi tarishi barua yake mlangoni. Tarishi akirudi mikono mitupu, mgeni hawezi kujua kama barua ilikataliwa, ilipotea ukumbini, au imekwisha kutiwa saini na kilichopotea ni jibu tu.

Ili kuelewa kwa nini hali iko hivi, hatuna budi kurudi nyuma.

2.0 Kutoka kusoma hadi kutenda, 1991–1996

Wavuti aliyoibuni Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, ilikuwa kwanza chombo cha kusomea. Itifaki yake ya mwaka 1991 ilikuwa na ombi la aina moja tu, GET, lililoandikwa kwa mstari mmoja, na jibu lake lilikuwa hati yenyewe. Hapakuwa na vichwa vya ombi wala misimbo ya hali. Ombi lililokatika liliweza kurudiwa mara kumi bila mtu yeyote kupata hasara, kwa kuwa kusoma waraka mara kumi hakuubadilishi waraka.

Fomu ndizo zilizobadilisha mambo. Kiwango cha HTML 2.0 (RFC 1866) cha Novemba 1995 kiliziweka rasmi, na mwezi huohuo RFC 1867 ilieleza namna ya kupakia faili kwa njia ya fomu. Mei 1996, RFC 1945 iliyoandikwa na Berners-Lee, Fielding na Frystyk ilirasimisha HTTP/1.0 na kueleza njia tatu: GET, HEAD na POST. Ombi la POST lilikuja na kichwa na kiwiliwili. Kichwa kilitaja anwani na maelezo ya ombi. Kiwiliwili kilibeba taarifa zenyewe. Hati hiyo iliagiza kwamba kila ombi la POST litaje urefu wa kiwiliwili chake, na kwamba seva isiyoweza kuujua urefu huo ijibu kwa msimbo 400. Sharti hili dogo, kama tutakavyoona, lilizaa hitilafu zilizodumu kwa miongo miwili.

Toleo la HTTP/1.1 (RFC 2068 ya Januari 1997, iliyorekebishwa na RFC 2616 ya Juni 1999) lilitaja waziwazi tofauti tunayoisisitiza hapa. Maombi yaligawanywa katika yale ambayo kuyarudia huleta matokeo yaleyale kama kuyatuma mara moja, na yale yasiyo hivyo. POST liliwekwa katika kundi la pili, na programu za wateja zikakatazwa kulirudia zenyewe. Ndiyo maana hadi leo kivinjari humuuliza mtumiaji kabla ya kupakia upya ukurasa uliotokana na fomu. Onyo hilo ni mabaki hai ya uamuzi wa miaka ya 1990.

3.0 Tarishi anaingia katikati, 1994–2004

Proksi za mwanzo zilikaa upande wa msomaji. Ari Luotonen wa CERN na Kevin Altis wa Intel walieleza mfumo huo mwaka 1994: taasisi iliyojifungia nyuma ya ukuta wa usalama iliweza kuwafikisha watumishi wake kwenye wavuti kupitia seva moja, ambayo pia ilihifadhi nakala za kurasa zilizoombwa mara nyingi. Katika mpangilio huo proksi ilimtumikia mtumaji.

Mageuzi yalitokea pale wazo hilohilo lilipohamishiwa upande wa pili. Mradi wa Harvest nchini Marekani ulionyesha kwamba hifadhi ya nakala inaweza kusimama mbele ya seva na kuipunguzia mzigo. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya Squid mwaka 1996, ikiongozwa na Duane Wessels. Seva ya Apache nayo ilipata moduli yake ya proksi. Mwaka 2002 Igor Sysoev alianza nchini Urusi kuandika nginx, akaitoa kwa umma Oktoba 2004. Lengo lake lilikuwa kuhudumia maelfu ya miunganisho kwa wakati mmoja kwa kumbukumbu ndogo ya kompyuta.

Tukumbuke sababu za mageuzi haya: kasi, uhifadhi wa nakala, na wingi wa wasomaji. Yalikuwa mahitaji ya kusoma. Ombi la kutenda lilipitishwa katika mlango uliojengwa kwa ajili ya wasomaji, na mlango huo ukaja na kanuni zake.

4.0 Hitilafu nne na asili zake

4.1 Ombi lililogeuzwa

Hitilafu ya kwanza haina msimbo wa kutisha. Mwananchi anatuma fomu, ukurasa unafunguka tena ukiwa mtupu, na hakuna kilichohifadhiwa. Kilichotokea ni kwamba seva ilijibu kwa msimbo 301 au 302, yaani "nenda anwani nyingine", na kivinjari kikaenda huko kwa GET, kikiacha kiwiliwili nyuma.

RFC 1945 ilikwisha kulitaja jambo hili mwaka 1996 kuwa kosa la baadhi ya programu za wateja. Lakini kosa lilikuwa limeenea kiasi kwamba viwango vililazimika kulizunguka. Msimbo 303 uliletwa mwaka 1997 kwa wale waliotaka mgeuko huo, na 307 mwaka 1999 kwa wale waliotaka POST libaki POST. Mwaka 2014 RFC 7231 ilikubali, kwa sababu za kihistoria, kwamba kivinjari kinaruhusiwa kugeuza. Mwaka huohuo msimbo 308 ukapendekezwa kuwa mwenza wa 301 usiogeuza njia ya ombi.

Proksi huongeza uwezekano wa hali hii. Mara nyingi yenyewe ndiyo inayofungua muunganisho wa siri wa HTTPS, kisha huzungumza na seva ya ndani kwa HTTP ya kawaida. Seva ya ndani ikidhani kwamba mteja amekuja bila usalama, humwelekeza kwenye anwani ya HTTPS, na POST hufia hapo. Tiba ni proksi kuitaarifu seva ya ndani kuhusu hali halisi kwa kichwa kama X-Forwarded-Proto, na seva hiyo kukiamini kinapotoka kwa proksi peke yake. Hata mkwaju mmoja uliosahauliwa mwishoni mwa anwani unaweza kuzaa elekezo na kulipoteza ombi zima.

4.2 Kiwiliwili kilichokataliwa mlangoni

Katika nginx, ukubwa wa kiwiliwili unaoruhusiwa pasipo mpangilio maalumu ni megabaiti 1. Kinachozidi hapo hujibiwa kwa msimbo 413 na hakifiki ndani kamwe. Kipimo hiki kilifaa fomu za maandishi. Hakitoshi kwa picha ya cheti iliyopigwa kwa simu ya leo. Matokeo yake ni ya kupotosha: msanidi wa programu ya ndani anaapa kwamba mfumo wake hupokea faili za megabaiti 10, naye anasema kweli, lakini mlinzi wa mlango hana habari hiyo.

4.3 Kutokubaliana kuhusu urefu

HTTP/1.1 iliruhusu kiwiliwili kutumwa vipande vipande bila urefu wake kutajwa mwanzoni. Lakini si kila proksi ilifuata. Hadi toleo la 1.3.9 la Novemba 2012, nginx ililikataa ombi la aina hiyo kwa msimbo 411, "urefu unahitajika", ikishikilia mantiki ya mwaka 1996.

Upande wa hatari zaidi ni pale proksi na seva ya ndani zinapokubali ombi lakini zikatofautiana kuhusu mahali linapoishia. Mwaka 2005 watafiti wa kampuni ya Watchfire walieleza jinsi mshambuliaji anavyoweza kuficha ombi la pili ndani ya kiwiliwili cha la kwanza: proksi huona ombi moja, seva huona mawili. Mwaka 2019 James Kettle wa PortSwigger alionyesha kwamba udhaifu huo ulikuwa bado hai katika mifumo mikubwa. Kwa hiyo proksi inayokataa ombi lenye urefu wenye utata haifanyi ukaidi; inajilinda, na fundi asiharakie kuilegeza.

4.4 Muda ulioisha

Hitilafu ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Proksi haisubiri milele. Katika nginx, muda wa kawaida wa kungoja jibu la seva ya ndani ni sekunde 60. Ukipita, mteja hupewa msimbo 504. Lakini seva ya ndani huenda haijui kwamba tarishi ameondoka. Inaweza kuendelea na kazi, ikahifadhi maombi na kutoza malipo katika sekunde ya 61, kisha ikakuta hakuna wa kumpa jibu.

Historia ina mfano ulio bayana zaidi. Kwa miaka mingi nginx iliyosambaza maombi kwa seva kadhaa ilikuwa na tabia ya kulihamishia ombi kwenye seva ya pili pale ya kwanza iliposhindwa au ilipochelewa. Kwa GET hilo ni wema mtupu. Kwa POST lilimaanisha kwamba kazi moja ingeweza kutendwa mara mbili, bila mwananchi kubonyeza kitufe mara ya pili. Toleo la 1.9.13 la Machi 2016 lilibadili kanuni: POST, LOCK na PATCH yasihamishwe yakishatumwa kwa seva ya kwanza, isipokuwa msimamizi aagize hivyo waziwazi. Kuanzia katazo la HTTP/1.1 hadi utekelezaji wake katika mojawapo ya proksi zinazotumika zaidi duniani, ilipita takribani miaka 19.

5.0 Hoja ya miisho

Je, tarishi bora angemaliza tatizo? Nadharia inasema hapana. Mwaka 1975 Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walionyesha kwamba pande mbili zinazowasiliana kwa njia isiyoaminika haziwezi kamwe kufikia uhakika wa pamoja kwamba ujumbe wa mwisho umefika. Jim Gray alilipa tatizo hilo mwaka 1978 jina la majenerali wawili.

Mwaka 1984 Saltzer, Reed na Clark walilichukulia jambo hilo kama kanuni ya usanifu. Walisimulia kisa cha mtandao wa MIT ambamo kila hatua ya usafirishaji ilikuwa na ukaguzi wake, na waandishi wa programu wakaridhika kwamba data zao ziko salama. Kompyuta moja ya kati ilipata kasoro: ilipokuwa ikihamisha data ndani yake, ilibadilishana nafasi za baiti mbili, takribani mara moja katika kila baiti milioni. Ukaguzi wa njiani haukuona chochote, kwa kuwa kosa lilitokea baina ya hatua na hatua. Faili za mfumo endeshi ziliharibika polepole, na wenyewe wakalazimika kuzilinganisha kwa mkono na nakala za zamani zilizochapwa kwenye karatasi. Funzo lao ni kwamba uhakika wa kazi unaweza kukamilishwa na waliopo kwenye miisho tu. Aliye katikati anaweza kusaidia kuharakisha, hawezi kudhamini.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Tungeongeza kwamba wala haifai kumfanya kuwa shahidi pekee.

6.0 Namna ya kuchunguza

Kutokana na historia hii, uchunguzi wa POST lililoshindwa unapaswa kujibu maswali manne kwa mpangilio. Kwanza, nani aliyejibu? Msimbo uleule unaweza kutoka kwa proksi au kwa programu ya ndani. Faili la kumbukumbu la kila upande lisomwe, na saa zake zilinganishwe. Ombi lililoandikwa kwa proksi lakini halimo ndani lilikomea mlangoni. Pili, lilifika likiwa ombi gani? Kumbukumbu ya ndani ikionyesha GET mahali palipotumwa POST, pana elekezo lililoligeuza. Tatu, ukubwa na muda vinasema nini? Maombi madogo yakipita na makubwa yakikwama, tatizo ni mpaka wa ukubwa au nafasi ya diski ambamo proksi huhifadhi kiwiliwili kwa muda. Yakikwama yote katika sekunde ya 60 kamili, tatizo ni mpaka wa muda. Nne, je, ombi hilohilo likitumwa moja kwa moja kwa seva ya ndani kutoka ndani ya mtandao hufaulu? Likifaulu, chanzo kiko kwa proksi au katika vichwa inavyovibadilisha.

Swali la nne hufichua pia kundi la makosa ya msimbo 403. Mifumo ya kuundia tovuti hulinganisha asili ya fomu na jina la seva ili kuzuia maombi ya kughushi. Django, kwa mfano, hukagua kichwa cha Origin tangu toleo la 4.0 la Desemba 2021. Proksi ikibadilisha jina la seva au kuficha kwamba muunganisho ni wa HTTPS, mwananchi halali huonekana mghushi.

Jaribio la nne lifanywe katika mazingira ya majaribio, au kwa taarifa ambazo kurudiwa kwake hakumgharimu mtu. Fundi anayejaribu mara tano malipo halisi anaongeza tatizo analolichunguza.

7.0 Funzo kwa huduma za umma Afrika Mashariki

Ukanda wetu uliingia katika utendaji wa mtandaoni kwa kasi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Jukwaa la eCitizen lilizinduliwa Kenya mwaka 2014. Tanzania ilianza kukusanya mapato ya serikali kupitia mfumo wa GePG mwaka 2017 na kutunga Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019. Kwa wengi wa raia wetu, mawasiliano ya kwanza na serikali mtandaoni yamekuwa kulipa, kuomba na kusajili, ambayo yote ni matendo. Kwa hiyo hasara ya POST lisilojulikana hatima yake ni kubwa zaidi hapa kuliko pale itifaki ilipobuniwa kwa ajili ya kusoma. Tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza ni utambulisho wa ombi. Kampuni za malipo kama Stripe humruhusu mtumaji aambatishe namba ya pekee kwa ombi la kutenda. Namba ikirudi, seva hutoa jibu lilelile bila kutoza tena. Wazo hili si geni kwetu. Namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo Watanzania wengi huiita kontro namba, hutolewa kabla ya fedha kutumwa na hulitambulisha deni moja. Mantiki hiyohiyo ienezwe kwenye fomu zisizo za malipo: usajili, rufaa, na maombi ya kazi au ya masomo. Namba itolewe fomu inapofunguliwa, si baada ya kupokewa.

La pili ni mipaka ya wajibu. Proksi na programu ya ndani aghalabu husimamiwa na idara au wazabuni tofauti, na kila mmoja akisoma kumbukumbu zake peke yake, wote huonekana hawana kosa. Mikataba ya ununuzi itaje ukubwa wa kiwiliwili, muda wa kungoja, kanuni ya kurudia maombi, na sharti kwamba namba moja ya ombi iandikwe katika kumbukumbu za kila tabaka. Muda wa proksi uwe mrefu kuliko muda wa programu iliyo nyuma yake, ili anayejua ukweli awe wa kwanza kujibu.

La tatu ni lugha, na hapa wataalamu wa Kiswahili wana kazi. Neno "imeshindikana" hubeba hali tatu zilizo tofauti: ombi halikufika, ombi lilifika likakataliwa, ombi huenda lilifika lakini jibu halikurudi. Ushauri wa "jaribu tena" ni sahihi kwa hali ya kwanza, haufai kwa ya pili mpaka kasoro irekebishwe, na ni hatari kwa ya tatu. Katika hali hiyo ya tatu ujumbe wa kweli ungesomeka hivi: "Hatujathibitisha kama ombi lako limepokelewa. Usilitume tena. Tumia namba hii kuangalia hali yake." Tunapendekeza BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zishirikiane na mamlaka za serikali mtandao kusanifu maneno ya hali hizi tatu. Istilahi za sehemu za kompyuta tumezisanifu kwa bidii. Sentensi zinazompata mwananchi wakati wa hasara tumewaachia waandishi wa programu.

8.0 Hitimisho

Historia ya POST mbele ya proksi ni historia ya chombo cha kusomea kilichopewa kazi ya kutenda. Kila kizazi cha mafundi kiliziba pengo moja: urefu wa kiwiliwili, mgeuko wa njia, muda, kurudiwa kwa siri. Hakuna kizazi kilichoweza kumpa aliye katikati uwezo wa kujua kilichotokea ndani, kwa sababu uwezo huo hauko kwake. Uko kwa aliyetuma na kwa aliyetenda, mradi wawe na namba moja ya kuulizana. Serikali inayohamishia milango yake mtandaoni bila kuwapa raia namba hiyo huwatwisha gharama ya kutojua, nao huilipa kwa kutozwa mara mbili, kwa nafasi zilizopotea, au kwa safari ya kurudi kwenye dirisha lilelile ambalo mtandao uliahidi kuliondoa.